Maelezo Yaliyorudishwa Mara Tatu

Bahasha ilipofika ofisi ya mashtaka ya Iringa kwa mara ya tatu, Hanifa Shamsudin hakuifungua. Aliiweka mezani, akaenda kusimama dirishani, akarudi akakaa, bado hakuigusa. Kwa miaka saba ya uwakili wa serikali alikuwa amejifunza kitu kimoja kuhusu bahasha zinazotoka Ulaya kupitia ubalozini, zikapita wizarani, zikapita Dodoma, ndipo zikamfikia yeye: hazikuwa na kawaida ya kuleta asante.

Aliyeichana ni Sajenti Asukile, mpelelezi aliyekuwa naye kwenye shauri lile tangu siku ya kwanza. Alisoma ukurasa wa juu huku midomo ikicheza.

"Wameyarudisha," alisema.

"Sababu?"

"Shahidi hakuonywa kabla ya kuhojiwa. Wanasema kwa sheria yao alitakiwa aambiwe kwamba si lazima ajibu swali litakalomtia yeye mwenyewe hatiani."

"Benedicta?"

"Ndiye aliyechanganya dawa, wakili."

Hanifa akafumba macho. Mara ya kwanza maelezo ya Benedicta, mjane wa Kilolo, yalirudi kwa sababu aliyeyatafsiri hakuwa mkalimani aliyeapishwa. Mara ya pili yalirudi kwa sababu picha ya dumu la dawa haikuonyesha nani aliipiga, siku gani, wala dumu lenyewe limehifadhiwa wapi. Kwa ajili ya picha ile moja alisafiri kutoka Iringa hadi Mbeya kwenye ghala la vielelezo, akapiga picha nyingine mbele ya mashahidi wawili, na mchana akala chakula kwa mama yake, Bi Mwanaidi, mtaa wa Soko Matola. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamwongezea wali, kisha akauliza, "Kwani hao watu wa Ulaya hawana wafu wao wenyewe, mpaka wamsumbue wa kwetu hivi?"

Habari yenyewe haikuwa ngumu kuisimulia. Vitus Kalinga alikuwa mkulima wa viazi mviringo Kilolo, mtu wa miaka arobaini na tisa, mwimbaji wa kwaya katika kigango chao. Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa pili, ukungu uliingia mashambani. Vitus na mkewe Benedicta wakanunua dawa ya ukungu iliyokuwa imeletwa na duka la pembejeo kutoka Mbeya, madumu mapya ya lita tano, kibandiko kizuri, namba ya usajili imeandikwa. Benedicta alipima, akachanganya, akajaza bomba. Vitus akalivaa mgongoni akaingia shambani. Kufika saa tano alikuwa anatokwa mate na jasho kama mtu aliyemwagiwa maji, mikono inatetemeka. Alifariki kesho yake hospitalini. Wakulima wengine sita waliotumia dawa ile waliugua, wakapona.

Maabara ya serikali ilisema ndani ya dumu hamkuwa na dawa ya ukungu hata tone. Mlikuwa na sumu ya wadudu ambayo Ulaya waliipiga marufuku zamani. Muuzaji wa Mbeya alichunguzwa akaonekana hana kosa, maana naye alipokea madumu yamefungwa na karatasi zimekamilika. Sumu ilichanganywa kwenye kiwanda kimoja Ubelgiji, ikawekwa madumuni na kubandikwa jina la uongo Ujerumani, ikapakiwa melini Uholanzi. Nyuma ya yote alikuwa mtu mmoja, Mbelgiji aitwaye Joris Verhaelen, aliyekuwa na shehena ya sumu isiyouzika kwao na hakutaka kuiteketeza.

Wajerumani ndio walioanza kumshughulikia, kwa kuwa vibandiko vilibandikwa kwao. Mwendesha mashtaka aliyepewa faili, Bi Lührs, alikuwa mwanamke mchapakazi, na Hanifa hakuweza kumchukia ingawa mara nyingine alijaribu. Waliongea kwa video kila baada ya majuma kadhaa. Siku moja Hanifa alimuuliza ilikuwaje akaweza kuipekua nyumba ya Verhaelen kule Ubelgiji upesi vile.

"Ninajaza fomu moja," Bi Lührs alimweleza. "Tunaiita amri ya upelelezi ya Ulaya. Hakimu wa kule anaitambua kama vile imetolewa na hakimu wake mwenyewe, na ana siku zilizohesabiwa za kuitekeleza. Mipaka yetu kwa mambo haya imekuwa kama haipo."

"Na sisi?"

"Ninyi mko nje ya mfumo, Hanifa. Kwenu inabidi nipite ubalozini. Samahani."

Kwa hiyo fomu ya Bi Lührs ilivuka mpaka kwa majuma matatu, na maelezo ya mjane wa Kilolo yalichukua miezi mitano kwenda na miezi minne kurudi, kila safari na kasoro mpya.

Waliondoka Iringa asubuhi, yeye na Asukile, gari la ofisi likilia upande wa kushoto kama lililozoea kulia. Walimkuta Benedicta uani, amekaa kwenye gunia, anachagua viazi vya mbegu. Alinyanyua uso, akawatazama, akaendelea kuchagua.

"Kamwene, Mama Blessing," Hanifa alisalimu. Kihehe chake kilikuwa cha salamu tu.

"Kamwene, mama. Karatasi imerudi tena."

"Imerudi."

"Safari hii nilikosea wapi?"

"Hukukosea wewe. Tulikosea sisi." Hanifa alivuta kigoda akakaa karibu naye. Njia nzima alikuwa akitafuta namna ya kulisema jambo lile, na hakuipata. "Wanataka, kabla hujaniambia chochote, nikueleze kwamba una haki ya kukataa kujibu swali ambalo jibu lake linaweza kukufanya ushtakiwe wewe."

"Nishtakiwe kwa lipi?"

Hanifa alimtazama Asukile. Asukile alikuwa anatazama viatu vyake.

"Wewe ndiye uliyechanganya dawa," Hanifa akasema.

Benedicta alikiweka chini kiazi alichokuwa nacho. Alifuta mikono kwenye khanga, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Nilisoma kibandiko," alisema. "Vifuniko viwili kwa bomba moja. Nilipima vifuniko viwili. Kwa hiyo Wazungu wanauliza kama ni mimi."

"Hawaulizi hivyo. Ni utaratibu wao tu, kila shahidi wa namna hii anaambiwa."

"Utaratibu." Alilirudia neno lile kama mtu anayeonja chumvi. "Na yeye aliyeweka sumu kwenye dumu, ameambiwa?"

"Ameambiwa."

"Amejibu?"

"Amekataa kujibu. Ni haki yake."

Jirani alipita njiani akasalimu, hakuitikiwa na mtu.

"Haya, andika," Benedicta alisema mwishowe. "Andika kwamba nimeonywa. Halafu andika kwamba mimi nitajibu."

Kwa mara ya nne alisimulia jinsi mumewe alivyokufa, akijibu swali moja baada ya jingine kwa mpangilio uleule uliotoka Ujerumani, Hanifa akiandika na yeye akitia sahihi kila ukurasa. Swali la kumi na moja liliuliza kama marehemu alikuwa na desturi ya kuvaa glavu. La kumi na mbili liliuliza za rangi gani. Walipoondoka, Asukile ndiye aliyeshika usukani.

"Mimi nimekamata wezi wa ng'ombe, nimekamata na muuaji mmoja kule Rungwe," alisema baadaye. "Sijawahi kumwambia mjane vile."

"Mimi ndiye niliyemwambia," Hanifa alijibu.

Safari ile karatasi zilikubaliwa. Kesi ilipangwa kusikilizwa huko Ujerumani, na Benedicta atoe ushahidi kwa video akiwa Iringa, kwenye chumba cha mahakama chenye mitambo. Hanifa aliijaribu mitambo ile mara nne. Aliweka jenereta ya akiba. Alimtafuta mkalimani aliyeapishwa, mwanamume mpole aliyesomea Leipzig, akamlaza hotelini tangu jana yake ili asije akachelewa. Hakutaka safari hii kasoro itoke upande wake.

Benedicta alifika mapema kuliko wote. Alikuwa amevaa gauni la kanisani la kijani, nywele zimesukwa upya, na mkononi ameshika picha ya Vitus iliyowekwa kwenye plastiki. "Nimwonyeshe hakimu?" aliuliza. Hanifa alimwambia akiulizwa, aionyeshe.

Saa sita skrini iliwaka. Walimwona jaji na wenzake, wakamwona Bi Lührs katika joho lake jeusi, na kando wakamwona mtu mwembamba mwenye miwani, suti ya kijivu, anapanga kalamu mezani.

"Ndiye huyo?" Benedicta alinong'ona.

"Ndiye."

Alimwangalia bila kupepesa. Hanifa alitarajia machozi au hasira, hakuona hata kimoja. Benedicta alimwangalia vile mtu anavyoangalia kiazi alichokikata akakuta ndani kimeoza.

Kisha wakili wa Verhaelen akasimama, akasoma karatasi. Mkalimani alianza kutafsiri, akasita, akasikiliza tena. Jaji aliinuka, wote wakainuka, na skrini ikabaki na viti vitupu. Walikaa pale wakitazama viti vile zaidi ya saa moja. Hanifa alitoka akaswali adhuhuri, akarudi, viti bado vitupu. Ndipo Bi Lührs alipotokea peke yake, joho amelivua, uso umemwiva.

"Benedicta hatasikilizwa leo," alisema. "Upande wa utetezi umeleta hati. Miezi mitatu iliyopita Verhaelen alifanya makubaliano na waendesha mashtaka wa Ubelgiji. Walikuwa na faili lao kuhusu madumu yaleyale, kwamba alidanganya kwenye karatasi za kusafirishia. Amelipa walichomtaka alipe, na faili limefungwa."

"Hilo ni kosa jingine," Hanifa alisema.

"Hilo ndilo nitakalolisema mimi. Lakini katika nchi zetu, mtu aliyemalizana na nchi moja hashtakiwi na nyingine kwa jambo lilelile, hata kama hakupita mbele ya jaji. Swali litakuwa kama ni jambo lilelile."

"Wewe hukujua kama wana faili?"

"Niliwaandikia kuwauliza. Ofisi niliyoiandikia ilijibu haina chochote. Faili lilikuwa kwenye ofisi ya mji mwingine."

Mipaka ilikuwa kama haipo, na bado ofisi mbili za nchi moja hazikuweza kuulizana. Hanifa alitaka kulisema hilo kwa sauti, lakini mkalimani alikuwa anamtafsiria Benedicta kila neno, na Benedicta alikuwa ameanza kuirudisha picha ya mumewe mkobani.

Uamuzi ulikuja baada ya wiki tatu, kwa barua pepe. Majaji waliona madumu ni yale, shehena ni ile, mtu ni yule, nia ni ile. Kwa hiyo jambo lilikuwa moja. Kesi ikafutwa. Bi Lührs aliandika chini, kwa maneno yake mwenyewe, kwamba amekata rufaa lakini asingependa kumpa mtu matumaini. Rufaa nayo ilikataliwa kabla mwaka haujaisha.

Siku uamuzi ule wa kwanza ulipofika, Hanifa hakumpigia Benedicta simu. Alisubiri Jumamosi akaenda mwenyewe. Alimkuta shambani, palepale Vitus alipoangukia, anapalilia. Akamweleza yote wakiwa wamesimama kati ya matuta.

Benedicta alisikiliza akiwa ameegemea jembe. "Hiyo karatasi aliyolipia," alisema, "jina la Vitus limo?"

"Halimo."

"Kilolo imo?"

"Haimo. Yamo madumu, namba za makontena, na jina la bandari."

"Sasa amelipia nini?"

"Amelipia uongo alioandika. Sheria yao inasema uongo ule na kifo ni jambo moja, kwa sababu madumu ni yaleyale."

"Kama ni jambo moja, mbona walitaja nusu?"

Hanifa alikuwa amesoma uamuzi ule mara tano, wa Kijerumani na tafsiri yake, kurasa thelathini na nne. Swali lile halikuwamo.

"Mwaka wa nne huu unakuja hapa," Benedicta alisema. Hakupaza sauti. "Unaniuliza alikula nini asubuhi. Unaniuliza glavu rangi gani. Umeniambia huenda ni mimi niliyemuua, nikakuandikia sahihi. Kila ukija nakaa siku tatu silali. Na kumbe mwenzio alishalipa, ameenda zake."

"Dada Benedicta..."

"Nenda, mdogo wangu. Nina palizi ya kumalizia hapa."

Hanifa alirudi kwenye gari akakaa nyuma ya usukani bila kuliwasha. Alikuwa na hasira na Verhaelen, na ofisi ya mji asioujua, na Bi Lührs, na Dodoma, na nafsi yake. Na zote hazikuwa na pa kwenda. Kando yake, kwenye kiti cha abiria, uamuzi ulikuwa umelala wazi, na macho yake yakarudi kwenye sentensi aliyokwisha kuipita mara tano. Katika nchi zilizofunga mkataba huu, ilisema. Katika nchi hizo.

Jumatatu aliingia kwa mkuu wake wa kazi, Mzee Masumbuko, mtu aliyebakiza miezi ishirini kustaafu na aliyekuwa na mafaili hadi sakafuni.

"Nataka tumshtaki hapa," Hanifa alisema. "Kuua bila kukusudia. Vitus alifia hapa. Mkataba wao haututawali sisi."

"Hatakuja."

"Najua."

"Ubelgiji hawatoi raia wao kwenda nje ya Ulaya."

"Najua pia."

Mzee Masumbuko alivua miwani. "Nina kesi za ubakaji hazina wakili. Nina mauaji matatu ya Mgololo. Sasa niambie, kwa nini nikupe muda wa kumshtaki mtu ambaye hatutamwona?"

"Kwa sababu mpaka leo hakuna hati hata moja, kwao au kwetu, inayosema kwamba Joris Verhaelen alimuua Vitus Kalinga. Nataka iwepo moja."

Mzee hakusema ndiyo. Alisema aandike, ataona. Kibali kutoka juu kilichukua miezi mitano, na katika miezi hiyo Hanifa alipiga simu Dodoma mpaka karani wa huko akaijua sauti yake na kuacha kuuliza nani mwenzangu.

Kwa shitaka jipya yalihitajika maelezo mapya. Asukile ndiye aliyekwenda kumwomba Benedicta, kwa kuwa Hanifa aliona haya. Alidhani mjane atakataa. Lakini Benedicta alikuja Iringa siku ya Jumatano, akakaa kwenye kiti cha wageni, mkoba mapajani.

"Safari hii hakuna maswali ya mtu," Hanifa alimwambia baada ya kumsomea onyo linalotakiwa na sheria ya nchini. "Nieleze unavyotaka wewe."

Benedicta akaanza mahali ambapo hakuwahi kuanzia.

"Asubuhi ile Vitus hakutaka kupulizia," alisema. "Alisema kuna upepo, tungoje kesho. Mimi ndiye niliyekazana. Ukungu ulikuwa umefika kwa jirani, nikamwambia ukingoja kesho tutakula majani. Akacheka, akavaa bomba. Upepo ulikuwa unampulizia usoni. Hilo sijawahi kulisema, kwa sababu hakuna aliyeniuliza."

Kalamu ya Hanifa ilikuwa imesimama. Aliona wazi jinsi wakili yeyote wa utetezi atakavyolishika neno lile la upepo.

"Dada Benedicta, si lazima niliandike hilo. Linaweza kumsaidia yeye."

"Liandike."

"Una hakika?"

"Nimelibeba peke yangu miaka yote hii. Wewe liandike."

Akaliandika. Kisha Benedicta akasema mengine, kwa saa mbili, kuhusu kwaya, kuhusu Blessing aliyekuwa bweni wakati baba yake anazikwa na akafika udongo umeshafukiwa, kuhusu dumu ambalo alilifunga kwa nailoni tatu na kulifukia nyuma ya choo mpaka polisi walipokuja, kwa sababu aliogopa mtoto wa mtu asije akalichotea maji. Mengi hayakuwa na maana kisheria. Hanifa aliandika yote.

Hati ya kumkamata Verhaelen ilitolewa na mahakama ya Iringa mwezi uliofuata. Ikaenda njia ileile ya wizarani na ubalozini. Jibu lilirudi baada ya nusu mwaka, mistari miwili: imepokelewa, na sheria za nchi husika haziruhusu kumtoa raia wake. Bi Lührs aliandika kutoka Ujerumani kwamba amesikia mtu yule amefungua kampuni nyingine, ya mbolea. Asukile aliposoma alitoka nje, akakaa huko hadi chai ikapoa.

Benedicta alikuja ofisini mara moja tu tena, kuomba nakala ya hati ya mashtaka. Hanifa alimpigia mhuri wa ofisi mwenyewe. Benedicta aliisoma akiwa amesimama, kidole kikifuata maneno, mpaka alipofika kwenye mstari wenye jina la mumewe, kijiji chake na siku aliyokufa. Hapo akasimama, akausoma tena.

"Kalinga wameandika sawasawa," alisema.

"Niliandika mimi."

"Na huyu hatakuja."

"Akibaki kwao, hatakuja."

Benedicta aliikunja karatasi mara mbili, akaitia mkobani, akauliza kama gari la saa nane la Kilolo litakuwa limeshaondoka. Hanifa alitazama saa, akamwambia akikaza mwendo ataliwahi, akamsindikiza hadi getini.